Unaishi ughaibuni na una blogu, au unataka kuanzisha? Swali ni moja: unamwandikia nani?

MgeniMwenyeji (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu.

Kila mara kuna mtu anapata viza, anapanda ndege, na wiki hiyohiyo anafungua blogu. Posti ya kwanza uwanja wa ndege. Ya pili chumba kipya. Ya tatu hali ya hewa, ya nne maajabu ya wenyeji. Halafu kimya. Ukipita mwaka unaofuata unakuta posti inayoanza na "samahanini nilipotea, sasa nimerudi rasmi", na hiyo ndiyo ya mwisho kweli.

Wengi husingizia muda. Sikubali. Watu haohao usiku wa manane wanashusha magazeti marefu kwenye makundi ya WhatsApp. Ninavyoona mimi, blogu ya ughaibuni humfia mtu mkononi kwa sababu msomaji wake amebadilika na mwenyewe hana habari. Unaanza ukiwaandikia wa nyumbani. Wanataka kujua umefika, unalala wapi, pakoje. Wakisharidhika kwamba u mzima wanarudi kwenye shughuli zao. Hawajakuchoka, wamejibiwa tu. Wewe sasa unabaki unaongea na nani?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wasomi nao wamepita hapohapo. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti kuhusu raia wa Norway waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa vizuri, waliozidisha miezi 18 walikuwa vizuri, walioteseka ni wale wa katikati. Ndiyo ile herufi U inayotajwa kila semina ya wanafunzi wa kigeni. Tafiti za baadaye zimeikosoa, maana wapo wanaoanza vibaya tangu siku wanayoshuka kwenye ndege. Ila pita kwenye blogu zilizokufa uangalie tarehe za posti za mwisho: makaburi mengi yamepangwa mle katikati, msimu wa jembe.

Na sababu haisemwi. Msimu wa jembe hauandikiki kwa wa nyumbani. Ukisema ukweli unawatia presha watu ambao hawana la kukusaidia. Ukipaka rangi, unajisikia mwongo kila ukibonyeza kitufe cha kuchapisha. Kwa hiyo mtu anaona bora anyamaze.

Wanaovuka hapo, kwa niliowafuatilia, ni wale walioshtuka kwamba wana wasomaji wengine wawili ambao hawakuwaalika.

Wa kwanza ni mgeni wa kesho, yule ambaye bado yuko kwenye foleni ya viza na usiku anatafuta kwenye intaneti jinsi ya kukodi nyumba bila mdhamini. Huyu hataki picha yako ya machweo. Anataka ulienda ofisi gani, ulibeba karatasi zipi, ukarudishwa kwa sababu ipi. Mwandikie, lakini weka mwezi na mwaka juu kabisa ya posti, maana taratibu za uhamiaji hubadilika na posti ya zamani isiyo na tarehe inaweza kumpoteza mtu.

Wa pili ni mwenyeji. Ndiyo, anasoma. Kiswahili kimo kwenye Google Translate tangu 2009, kwa hiyo usijidanganye kwamba lugha yetu ni pazia. Mwenye nyumba wako, bosi wako, yule dada wa dawati la mbele, wote wana kitufe cha kutafsiri.

Watu wengi wakisikia hivyo wanaogopa, wanaanza kuandika kama mabalozi. Si lazima. Chukua ile posti ambayo kila blogu ya ughaibuni inayo: "watu wa huku hawasalimiani". Ukiiacha hivyo, wa nyumbani anakuonea huruma, mwenyeji anafunga ukurasa, na mgeni wa kesho hajaambulia kitu. Sasa andika ulichokiona. Asubuhi, ndani ya lifti, watu wanne. Mlango unafunguka ghorofa ya tatu, anaingia mzee na mbwa wake. Wote wanne wanasogea nyuma hatua moja bila kutazamana, macho yanarudi kwenye namba za ghorofa. Mbwa anakunusa kiatu. Mzee anavuta kamba kidogo, anaomba radhi kwa neno moja, naye akiwa bado anatazama namba. Mwenyeji akisoma hapo atacheka kwa sababu ni yeye. Mgeni wa kesho ameshajua kwamba adabu ya lifti ya huko ni kusogea na si kuulizana habari za asubuhi. Na wa nyumbani amekuona ulivyosimama pale. Posti moja, wasomaji watatu, hakuna aliyetukanwa.

Haya mambo yana muda wake lakini. Ukishakaa sana, ile lifti huioni tena. Kwa hiyo miezi ya mwanzo kusanya vitu vidogo kwenye daftari au kwenye simu hata kama huchapishi: tangazo lililobandikwa mlangoni, sauti ya jengo usiku, namna watu wanavyopanga foleni pasipo na foleni. Maoni makubwa makubwa kuhusu "jamii ya huku" yaache kwanza. Hayo yanaweza kusubiri, ila lifti ukishaizoea imeondoka.

Nawasilisha. Wenye uzoefu tiririkeni.

Nyota_ya_Mchana

Naweka kambi hapa. Ila mbona kama kuna mtu humu ndani unamsema?

Shangazi Kalamu

MgeniMwenyeji, umeandika vizuri mwanangu ila nakupinga. Hesabu zako zote ni za msomaji, msomaji, msomaji. Wengine tunaandika ili tusirukwe na akili. Nchi ya watu, baridi, lugha hujaijua, unarudi chumbani huna wa kuongea naye. Hiyo blogu ndiyo mtu wako. Akisoma mmoja sawa, asiposoma yeyote sawa. Na hili lina ushahidi: James Pennebaker na Sandra Beall mwaka 1986 walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko waliopewa mada za kawaida. Kwa hiyo hata huo msimu wako wa jembe unaandikika, tena ndio wa kuandika.

MgeniMwenyeji

Shangazi shikamoo. Nakubali nusu. Wale wanafunzi waliandika kwa siri, hakuna aliyejua nani kaandika nini. Hiyo ni shajara. Blogu ina mlango wazi. Ukimwaga machungu ya Jumatatu mbele za watu, Jumanne unaamka na simu za mashemeji wakiuliza umepatwa na nini, na hapo unakuwa na kazi mbili: machungu yenyewe, na kuwatuliza.

Shangazi Kalamu

Marahaba. Haya, hapo kwenye mashemeji umenishika. Basi tukubaliane hivi: msimu wa jembe andika kila siku, chapisha baadaye. Jeraha likishakauka unaweza kulionyesha na watu wakajifunza kitu. Likiwa bichi wataona damu tu. Ila usifute ulichoandika siku ile, hata kama kinakuaibisha. Ukija kuandika posti ya maana kuhusu mwaka wako wa kwanza, yale maandishi mabichi ndiyo yatakayokukumbusha ilikuwaje hasa. Kichwa husahau haraka, na kinajipendelea.

mwanasheria_uchwara

Uzi mzuri. Mimi si wakili, ni mtu wa kusoma sana tu, ila kuna mambo matatu wanablogu wa ughaibuni hawayazungumzi mpaka yawakute.

La kwanza ni watu unaowaandika. Kuna mama mmoja wa Uswidi, Bodil Lindqvist, aliyekuwa akijitolea kufundisha dini parokiani. Mwaka 1998 alitengeneza kurasa zake za intaneti kwa kompyuta ya nyumbani, kusaidia waumini wanaojiandaa na kipaimara. Humo akawataja wenzake wa parokia, majina, baadhi yao na namba za simu, kwa lugha ya utani utani. Mwenzake mmoja akamwandika kwamba ameumia mguu na anafanya kazi nusu muda kwa sababu za kiafya. Hakuna ubaya, sivyo? Alishtakiwa, akapigwa faini, akakata rufaa, na maswali ya kisheria yakapelekwa mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya. Novemba 6, 2003 mahakama ikasema kuweka habari za watu kwenye intaneti, ambako yeyote anaweza kuzisoma, hakuhesabiki kuwa mambo ya binafsi na ya nyumbani, ambayo sheria ya kulinda taarifa za watu imeyasamehe. Tena ule mguu ni taarifa ya afya, ambayo ina ulinzi wa juu zaidi. Sheria imebadilika tangu hapo, sasa kuna GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, lakini ule msamaha wa mambo ya nyumbani umerithiwa na kesi ya mama huyu inatajwa mpaka leo. Kwa hiyo jirani yako mwenye ulevi, mwenzako wa chumba mwenye sonona, bosi aliyelazwa: ama waombe ruhusa, ama wabadilishe wasitambulike. Na kubadilisha jina peke yake hakutoshi. "Bosi wangu, mwanamke pekee kwenye idara yetu yenye watu sita" ni sawa na kumtaja.

La pili ni kazi. Mwaka 2002 Mmarekani Heather Armstrong alifukuzwa kazi kwa yale aliyoandika kuhusu kazini kwenye blogu yake. Jina la blogu hiyo, Dooce, likageuka msemo wa kufukuzwa kazi kwa sababu ya kublogu. Yeye alikuwa nchini kwake. Mwenyeji akifukuzwa anatafuta kazi nyingine. Wewe kibali chako cha kukaa kinaweza kuwa kimefungwa kwenye kazi hiyohiyo. Marekani mwenye viza ya kazi ya H-1B akipoteza kazi ana siku 60 tu, au chini ya hapo kama muda wa kibali unaisha mapema, apate mwajiri mwingine, abadili hadhi yake au aondoke. Posti moja ya kumkejeli meneja haina thamani hiyo.

La tatu ni pesa. Watu wanaweka matangazo kwenye blogu kana kwamba ni mapambo. Viza nyingi za masomo na za kazi zinabana kujiajiri. Mfano viza ya mwanafunzi ya Uingereza kwa kawaida hairuhusu kujiajiri, na mapato ya blogu yanaweza kuangukia humo. Soma masharti ya kibali chako kabla ya kuweka tangazo la kwanza, au uliza mshauri wa uhamiaji wa chuo, wapo kwa ajili hiyo. Na kodi ni habari nyingine kabisa.

Nyongeza: tangu 2019 fomu za viza za Marekani zinataka majina ya akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka 5 nyuma. Kwa hiyo msomaji wa nne wa MgeniMwenyeji ni ofisa wa ubalozi.

Nyota_ya_Mchana

Duh. Nilikuja kutafuta jina zuri la blogu, naondoka na hofu ya kufukuzwa nchini.

mwanasheria_uchwara

Usiogope dada. Andika ya kwako: ulichofanya, ulichokiona hadharani, ulivyojisikia. Matatizo mengi yako kwenye habari za wenzako.

Mpangaji wa Ghorofani

Niongezee picha, maana hapo ndipo wengi wanapojianika bila kujua. Simu huweza kuandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa latitudo na longitudo kabisa. Mitandao mikubwa ya kijamii kwa kawaida huyaondoa hayo unapopandisha, lakini blogu yako mwenyewe inaweza kuliacha faili lilivyo. Zima kurekodi mahali kwenye kamera, au ondoa hizo taarifa kabla ya kupandisha.

Halafu mtu kapata kadi ya ukaazi, furaha, anaipiga picha juu ya meza. Kafunika namba ya kadi kwa kidole, safi. Pembeni kuna bahasha iliyoletea ile kadi, ina jina na anwani nzima. Nyuma kuna dirisha linaloonyesha duka la mkabala. Nimeiona hii kwa macho yangu kwenye blogu ya mtu, na watu walikuwa wanampongeza tu. Kabla hujachapisha ikuze picha, pita kona zote nne.

Na watoto. Hawajakuomba uwe mwandishi wa maisha yao. Mtoto anayesoma ugenini tayari ni "yule wa kigeni" darasani. Wenzake wakikuta baba yake kaandika jinsi alivyokuwa analia kwa kukosa marafiki, umemwongezea.

KakaMkimya

Swali kwa wote. Mimi ndugu ndio wasomaji wakubwa. Kila nikiweka posti ya safari au ya nyumba mpya, ndani ya siku mbili zinaanza: "mdogo wangu tunaona mambo yamekunyookea, kuna jambo dogo hapa." Nimefika mahali naandika matatizo tu ili niishi kwa amani. Mnafanyaje?

Shangazi Kalamu

Pole kaka. Usiandike matatizo ya uongo, watakuja na ushauri, huo ni mzigo kuliko maombi. Chelewesha. Safari ya mwezi huu isome watu baada ya miezi kadhaa, hela ikiwa imeshatumika zamani. Faida nyingine: hakuna anayejua kwamba sasa hivi nyumba yako iko tupu.

MgeniMwenyeji

KakaMkimya, naongezea kwa Shangazi. Onyesha na kazi, si matunda tu. Wa nyumbani wanaona picha ya nyumba hawaoni mikataba, makato, zamu za usiku. Usiiandike kama malalamiko. Andika siku moja ya zamu kuanzia unapoamka hadi unapolala, saa kwa saa, bila kujihurumia. Inafanya kazi kuliko kulia hali ngumu. Wapo watakaoendelea kuomba, hao hata ungefunga blogu wangekupata.

Ukurasa Mtupu

Wakuu naomba kuuliza la kiufundi. Nianzie wapi, jukwaa la bure au domeni yangu? Na kuna haja kweli ya blogu wakati watu wote wako kwenye video fupi?

Mpangaji wa Ghorofani

Video fupi ni nzuri kwa mapokezi, mbaya kwa kumbukumbu. Mgeni wa kesho anayetafuta "karatasi za kukodi nyumba bila mdhamini" hatapekua video zako zote kutafuta sekunde tano.

Jukwaa: anza na la bure kama huna hela, lakini nunua domeni mapema, maana domeni ndiyo anwani, na anwani unahama nayo. Majukwaa hufa. GeoCities, iliyokuwa na kurasa za mamilioni ya watu, Yahoo waliifunga 2009. Posterous ilinunuliwa na Twitter 2012, mwaka uliofuata ikazimwa. Typepad, iliyokuwapo tangu 2003, ilifungwa Septemba 30, 2025. Watumiaji walitangaziwa wahamishe vitu vyao, lakini fikiria mtu aliyerudi nyumbani miaka kumi iliyopita, baruapepe aliyojisajilia ilikuwa ya chuo na ilishafungwa. Tangazo lilikwenda kwa nani?

Kwa hiyo usitumie baruapepe ya chuo wala ya kazini kufungulia blogu. Ukiondoka nchi ile, baruapepe nayo inaondoka. Hata namba ya simu ya kule: kama ndiyo inayopokea msimbo wa kuingia kwenye akaunti, ibadilishe kabla hujaikata laini.

Ukurasa Mtupu

Hilo la namba ya simu sikuwahi kuliwaza kabisa. Asante mkuu. Na nakala ya akiba nafanyaje?

Mpangaji wa Ghorofani

WordPress na Blogger zote zina sehemu ya kupakua maudhui yote kama faili moja. Fanya kila baada ya miezi michache, liweke kwenye kompyuta na sehemu nyingine moja. Ila angalia: faili la WordPress linabeba maandishi na maoni ya wasomaji, picha halibebi, linabeba viungo vya picha tu. Blogu ikifa na picha zimekwenda. Picha zipakue peke yake, ziweke kwenye folda zenye jina la mwaka na mwezi.

Nyota_ya_Mchana

Na zile za posti ya kwanza ya uwanja wa ndege?

Mpangaji wa Ghorofani

Hata hizo dada.